McLeod Ganj na begi mgongoni: namna ya kwenda kukaa kwa Watibeti chini ya Himalaya

Watu wakisikia Tibet wanawaza mji mkuu wake Lhasa moja kwa moja, alafu wakianza kufuatilia wanakuta kule lazima uwe na kibali cha China na uende na kampuni ya utalii yenye mtu wa kukutembeza, yaani kujiendea mwenyewe na begi lako kama ulivyozoea haipo. Ndo maana mi nakuelekeza upande wa pili wa milima, India, jimbo la Himachal Pradesh, kwenye kamji kanaitwa McLeod Ganj kapo juu ya Dharamshala, mita kama 2,000 kutoka usawa wa bahari, nyuma yake ukuta wa milima ya Dhauladhar. Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti, alikimbia Lhasa Machi 1959, mwaka uliofuata serikali ya India chini ya waziri mkuu Nehru ikampa makazi hapa, Watibeti wakamfuata na wapo mpaka leo, na shule zao, hospitali yao ya dawa za asili, maktaba, bunge la uhamishoni na kila kitu. Kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Waingereza kukimbilia joto la tambarare, tetemeko la Aprili 1905 likaibomoa, wakaiacha ikabaki karibu tupu.

Sasa wageni wengi wanakuja wikiendi moja. Ijumaa usiku basi, Jumamosi picha hekaluni, Jumapili wanapanda Triund, ule mgongo wa mlima juu ya mji, wanakula momo mbili tatu, wameondoka. Ukienda hivo utaona foleni ya magari, maduka ya mashali na migongo ya wageni wenzako. Huu mji unafunguka kwa mtu anayekaa, anayeonekana asubuhi ya tatu, ya nne, mpaka yule mama anayeuza mikate barabarani anajua unachukua mingapi. Tenga wiki, ukiweza mbili. Maelekezo yote yanayofuata nayatoa kwa mtu wa kukaa.

Makaratasi kwanza

Viza ya India unaomba mtandaoni, Watanzania na Wakenya wote tumo kwenye orodha, ila hakikisha ni tovuti ya serikali yenyewe ile inayoishia na gov.in, zipo za kuigiza kibao zinafanana nayo kila kitu na kazi yao ni kukukata hela ya ziada. Pasipoti iwe na miezi 6 mbele. Ukitokea Kenya au Uganda beba kile cheti cha njano cha homa ya manjano, na chanjo uwe umechoma siku 10 au zaidi kabla ya kufika, la sivyo wanaweza kukuweka karantini mpaka siku 6 na hapo hamna cha kubembeleza. Hata Mtanzania mi namshauri abebe tu, maana ndege nyingi unaunganishia kwa majirani.

Piga kopi kadhaa za pasipoti na viza. Kila gesti India ikipokea mgeni wa nje lazima imsajili kwa serikali, wanaita Fomu C, kwa hiyo utaulizwa hizo karatasi kila unapolala, na ukiwa nazo mkononi unamalizana na mapokezi dakika mbili. Laini ya simu nunua Delhi kabisa, nayo wanataka pasipoti. Wenyeji wanalipa kila kitu kwa kuskani simu hadi chai ya barabarani, wewe mgeni hutegemei hiyo, tembea na rupia keshi, na noti ndogo ndogo ziwe nyingi. ATM zipo pale katikati ya mji ila wikiendi yenye watu zinakauka, toa hela mapema.

Kufika

Kutoka Delhi ni kama kilomita 500, mabasi ni ya usiku, yanaondoka jioni yanafika alfajiri, masaa 10 mpaka 12. Kuna ya serikali ya jimbo yanaondokea stendi ya Kashmere Gate, na kuna ya watu binafsi yanaondokea Majnu ka Tilla. Mi nakushauri Majnu ka Tilla hata kama si ndo rahisi zaidi, kwa sababu hicho chenyewe ni kitongoji cha Watibeti kaskazini ya Delhi kando ya mto Yamuna, vichochoro vyembamba ambavyo gari haipiti, hekalu katikati, gesti za bei ya kawaida, na mgeni aliyechoka na ndege akilala hapo usiku mmoja anakuwa ashaanza safari yake vizuri kabla hata hajaona mlima. Kituo cha metro cha karibu ni Vidhan Sabha, hapo unachukua bajaji.

Masaa ya mwisho ya barabara ni kona juu ya kona. Kaa mbele, usishindilie chakula kizito kile kituo cha saa nne usiku, na kama tumbo lako huwa linasumbua meza dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda, ukisubiri mpaka uanze kusikia vibaya ushachelewa. Basi lingine linaishia Dharamshala ya chini, hapo unamalizia kwa basi dogo, teksi, au ile ropwei, vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, iliyofunguliwa 2022 inayokupandisha mpaka McLeod Ganj kwa dakika chache ukiangalia bonde lote chini.

Kuna wanaopenda treni. Unapanda treni ya kawaida hadi Pathankot, kutoka hapo ni kilomita 90 hivi kwa basi. Zamani watu walikuwa wanaendelea na kale katreni kadogo ka bonde la Kangra, reli nyembamba toka 1929, nzuri sana kwa macho, ila Agosti 2022 daraja la mto Chakki lilisombwa na mafuriko na usafiri ukakatika, kwa hiyo ulizia pale pale stesheni kabla ya kuipangia. Mwenye hela yake kuna uwanja wa ndege Gaggal, hauko mbali na Dharamshala, ukungu ukishuka tu ndege zinaghairishwa.

Muda mzuri ni Machi mpaka Juni mwanzoni, alafu mwisho wa Septemba mpaka Novemba. Julai na Agosti mvua ya kule sio ya kutania, Dharamshala ni moja ya sehemu zinazonyeshewa sana kaskazini mwa India, Julai 2021 maji yalishuka Bhagsu, kijiji cha jirani, yakabeba magari yaliyopakiwa. Desemba mpaka Februari baridi kali na theluji mara moja moja, vyumba vingi havina hita, ila bei zinashuka na wageni wanapungua, na Losar, mwaka mpya wa Kitibeti, huangukia Februari au Machi. Mwezi wowote utakaoenda beba sweta na koti la mvua, hata Mei usiku unatafuta blanketi la pili.

Kulala, kula

Usikae pale kwenye mzunguko wa katikati, honi zinaanza alfajiri. Shuka kidogo barabara ya Jogiwara au tafuta gesti za monasteri, zipo kadhaa mjini, vyumba vya kawaida tu, safi, pato linaenda kwa watawa, na asubuhi unaamshwa na ngoma na pembe za ibada badala ya honi. Wanaotaka kujichimbia mwezi mzima na yoga wanapanda Dharamkot au Bhagsu, kutembea nusu saa hivi, pazuri, msitu upo mlangoni, ila huko utakuwa unaishi na mabekipeka wenzako hasa Waisraeli na sio Watibeti, kwa hiyo uamuzi ni wako. Kabla ya kulipa ingia bafuni uone hita ya maji inawaka, alafu uliza swichi yake iko wapi maana mara nyingi iko nje ya bafu, unaiwasha dakika 20 kabla ya kuoga na umeme ukikatika katikati ya povu shida ni yako. Funga madirisha ukitoka. Nyani wa kule wanajua begi lenye biskuti kuliko mwenye begi.

Chakula ni rahisi kupenda. Momo unazijua pengine, unga uliokunjwa wenye nyama au mboga au jibini ndani, unapikwa kwa mvuke, kule unazipata kwa akina mama barabara ya hekalu na pilipili yake nyekundu ambayo uionje kwanza kwa ncha ya ulimi. Thukpa ni tambi za supu, thenthuk ni ile ile ila tambi zinachanwa kwa mkono vipande bapa, na jioni ya baridi thenthuk ndo yenyewe. Tingmo ni mkate wa mvuke, mwepesi, unachovya kwenye mchuzi. Laphing inaliwa baridi, inateleza, ina kitunguu swaumu kingi na pilipili, sio kila mtu anaielewa mara ya kwanza. Kama unaangalia nyama yako inatoka wapi we agiza za viazi au mchicha na jibini, hakuna anayekushangaa, na mwezi wa Saka Dawa, wa nne kwenye kalenda yao, Watibeti wengi wenyewe wanaacha nyama kabisa.

Chai ya siagi ina chumvi. Ukiisubiri kama chai utashtuka, ichukulie kama supu utaipenda. Na ukikaribishwa nyumbani kwa mtu jua hili: kila ukipunguza kikombe mwenyeji anajaza, akiona kimepungua anajaza tena, ukiwa umetosheka acha kikombe kimejaa, kaa nacho mpaka unapoaga ndo unywe. Ukimaliza kwa adabu ya kwetu ya kutobakisha utakunywa mpaka usiku.

Maji ya chupa achana nayo, yapo maduka na ofisi za kujaza maji yaliyochemshwa au kuchujwa kwa rupia chache, beba chupa yako. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku jimbo zima, na mji wenyewe uko kwenye mteremko, takataka yoyote inayotupwa inaishia korongoni.

Asubuhi anza na kora

Hili ndo ningesema fanya kila siku hata kama mengine yote utayaacha. Kora ni njia ya kuzunguka kilima cha hekalu kuu la Tsuglagkhang na makazi ya Dalai Lama. Amka saa kumi na mbili, shuka barabara ya hekalu, ingia njia ya kushoto ya msituni inayoteremka kabla ya geti, na uzunguke kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, yaani hekalu liwe mkono wako wa kulia muda wote. Usirudi kinyume hata kama umesahau kitu, malizia mzunguko.

Saa hiyo wanaotembea ni wazee hasa. Mama wa miaka sabini na kitu, aproni ya mistari kiunoni, raba miguuni, mkono wa kushoto tasbihi ya shanga 108, wa kulia gurudumu dogo la sala analizungusha bila kuliangalia, midomo inacheza kimya kimya, anafika kwenye kona yenye mteremko anasimama, anagusa jiwe lililochongwa maandishi kwa paji la uso, anaendelea, na pamoja na umri wote huo anakupita. Mpishe. Njia nzima ina mawe ya sala yaliyopakwa rangi, magurudumu makubwa ya shaba ya kusukuma kwa mkono, bendera zimefungwa mti hadi mti, na ukifika Lhagyal Ri unakuta moshi wa majani ya mreteni wanayochoma kama sadaka. Hapo pia kuna kumbukumbu za Watibeti waliojichoma moto kwa kupinga hali ya nchini kwao, picha zao na majina, kwa hiyo kama ulikuwa unapiga stori kwa sauti punguza.

Mzunguko hauzidi saa moja hata ukivuta miguu. Ukimaliza panda hekaluni, vua kofia, viatu ukiingia ndani. Mchana mara kwa mara utakuta watawa uani kwenye mjadala, mmoja amekaa chini mwingine amesimama anamuuliza, na kila swali analimalizia kwa kupiga kofi kubwa na kukanyaga mguu mbele. Inaonekana ugomvi, ni somo la mantiki. Kaa pembeni uangalie, ruksa.

Ukibahatika Dalai Lama akiwa anafundisha hadharani, unajisajili kabla na pasipoti, ada ni rupia chache mno, siku yenyewe unakaguliwa na simu na kamera haviingii. Beba kamto ka kukalia kwa sababu ni sakafuni masaa mengi, kikombe maana watawa wanapita na birika za chai, na redio ndogo ya FM yenye hedifoni, tafsiri za lugha mbalimbali zinarushwa kwa masafa ya redio. Redio hizo zinauzwa mjini. Ratiba iko kwenye tovuti ya ofisi yake, angalia kabla ya kukata tiketi, alizaliwa 1935 kwa hiyo siku hizi mafundisho si mengi kama zamani na kiangazi cha kule mara nyingi huwa Ladakh, kaskazini zaidi ya India.

Kukaa na watu

Hawa ni wakimbizi, na wengi wamezaliwa hapo hapo India lakini wanaishi kwa cheti cha usajili cha mgeni kinachohitaji kuhuishwa. Dalai Lama aliachia madaraka ya siasa 2011, sasa wanachagua kiongozi wao kwa kura kutoka nchi zote walipotawanyika. Kijana utakayekaa naye mgahawani anaweza kuwa na mama yake Tibet ambaye hajamwona tangu avuke milima akiwa mtoto. Usianze na hilo swali. Muulize anasoma nini, anashabikia timu gani, mengine atakuambia akitaka.

Njia nyepesi ya kuwafahamu ni madarasa ya mazungumzo ya Kiingereza. Shirika la Lha na mengine madogo yanakaribisha mgeni yeyote aje jioni akae na wanafunzi wawili watatu waongee tu saa moja, hutakiwi kuwa mwalimu. Kiingereza chetu sisi tuliojifunza shuleni kinawafaa sana, hatumezi maneno, na wakishajua kwamba nawe ni lugha yako ya pili au ya tatu wanaacha kuona aibu. Utaulizwa kuhusu simba, hilo jiandae. Nenda siku zile zile kila wiki uliyopo, usiende mara moja kupiga selfi.

Picha: omba, na ukishapiga uliza tena kama unaweza kuiweka mtandaoni. Mwenye ndugu ndani ya Tibet uso wake ukisambaa unaweza kuwaletea ndugu zake matatizo huko nyumbani, hasa picha za maandamano ya Machi 10, siku ya kukumbuka uasi wa Lhasa wa 1959. Mtu akikuvisha khata, ile skafu nyeupe, inama kidogo, pokea kwa mikono miwili. Salamu ni tashi delek na shukrani ni thuk je che, hizo mbili zinakufungulia milango mingi. Usielekeze nyayo kwenye madhabahu, na kitabu cha sala hakiwekwi sakafuni.

Mvua ikikuzuia ndani hukosi kazi. Makumbusho ya Tibet na maktaba yao iliyoanzishwa 1970 ziko Gangchen Kyishong, nusu ya njia kushuka Dharamshala. Norbulingka kule Sidhpur unaona watu wanachora thangka, ile michoro ya kidini ya kwenye kitambaa, na kuchonga mbao, mchoro mmoja unaweza kuchukua miezi, na ukishaona mchoraji anavuta mstari wa nywele moja kwa brashi hutabishana tena bei dukani. Dharamkot kuna Tushita wana kozi za siku kadhaa za kutafakari kwa ukimya, zinajaa mapema, jisajili ukiwa bado nyumbani.

Triund, na juu yake

Triund ni mgongo wa majani kwenye mita kama 2,850, unapandia hekalu dogo la Gallu juu ya Dharamkot, masaa matatu manne ya kupanda kwa mtu wa kawaida. Njia inaonekana wazi, huhitaji wa kukuongoza, katikati kuna vibanda vya chai, aprili misitu ya rododendroni imechanua nyekundu pande zote, na kipande cha mwisho ni kona 22 za mawe mfululizo ambazo zinakata stori za kila mtu. Ukitokeza juu Dhauladhar iko mbele ya uso wako, miamba na theluji, na ukigeuka bonde la Kangra lote liko chini.

Nenda katikati ya wiki, anza saa moja asubuhi. Mawingu yanapanda kuanzia mchana, na radi kwenye ule mgongo ambao hauna pa kujificha sio kitu cha kujaribu. Pasipoti au kopi beba, huwa kuna kituo cha kuandikisha majina. Habari ya kulala juu kwa hema inabadilika, mara inaruhusiwa mara imefungwa, na theluji au mvua zikizidi utawala wa wilaya unafunga njia nzima, muulize mwenye gesti jioni ya kabla. Takataka zako shuka nazo.

Kuendelea mpaka mstari wa theluji ni sawa kwa siku hiyo hiyo kama miguu ipo na hali ya hewa imetulia. Pasi ya Indrahar yenyewe, mita 4,342, ni habari nyingine kabisa, huko kuna baridi, kuna ugonjwa wa kimo, njia inapotea kwenye mawe, chukua mwongozaji mwenyeji na siku za kutosha, na msimu wake ni baada ya mvua, Septemba mwishoni na Oktoba.

Ukitaka kuongeza safari nenda Bir, kama kilomita 70 mashariki, makazi mengine ya Kitibeti yenye monasteri kubwa na mashamba ya chai, na juu yake Billing watu wanaruka na parashuti za paraglaidi, kombe la dunia lilifanyika hapo 2015. Kote huku huhitaji kibali. Lakini makazi ya Watibeti ya kusini kama Bylakuppe, jimbo la Karnataka, mgeni wa nje haruhusiwi kulala bila kibali cha eneo la hifadhi, PAP, na maombi yake yanapelekwa Delhi yanachukua miezi, kwa hiyo kama unayataka na hayo anza kuomba kabla hata hujakata tiketi ya ndege.